Safari Yangu ya Kwanza Pemba, Hadi Maabara ya Wawi

Boti kutoka Unguja ilitushusha Mkoani jua likiwa limeshapanda. Daladala ya Chake Chake ikafuata vilima, karafuu zimeanikwa juu ya majamvi kando ya barabara, harufu yake ikijaa madirishani. Mimi mtu wa bara sikuwahi kufika Pemba, ila karafuu sizo zilizonivusha. Nilikuwa nakwenda Wawi, penye maabara ya afya ya jamii iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Ivo de Carneri, Mtaliano bingwa wa vimelea.

Nilitaka kuona kipindupindu kinavyotambuliwa. Zanzibar inaujua ugonjwa huu tangu karne ya 19, na hauna subira: mtu aliyeishiwa maji mwilini aweza kufa ndani ya saa chache.

"Karibu, kaka," alinipokea mtaalamu wa zamu, akanieleza habari za utepe wa kipimo cha haraka. Huchovywa kwenye sampuli ya choo, na baada ya dakika 15 hivi mistari hujitokeza. Hautaki umeme wala darubini, hivyo unafaa hata dago la wavuvi.

"Basi kazi imekwisha," nikasema.

Akacheka. "Bado. Huu ni mwepesi wa kusema, lakini huzusha."

Utepe uitwao Crystal VC ulijaribiwa Zanzibar, matokeo yakachapishwa 2012. Uliwatambua zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10 wa kipindupindu. Lakini kati ya walioharisha kwa sababu nyingine, karibu nusu nao uliwatia kundini.

Ndiyo maana sampuli bado huoteshwa. Hutiwa kwanza kwenye maji ya peptoni yenye alkali, ambamo vijidudu vya kipindupindu huwashinda wenzao kwa kuzaana. Kisha hupakwa kwenye sahani ya kijani yenye chakula cha vijidudu kiitwacho TCBS, na kesho yake huonekana vikundi vya rangi ya manjano, kwa kuwa vijidudu hivyo huchachusha sukari. Hapo ndipo hupimwa aina yao, na dawa ipi ingali inawaua. Hilo la dawa utepe hauwezi kulijibu.

Nilitoka Wawi nikiamini kwamba vipimo vyote viwili vinahitajika: utepe uwahi kuamsha wahudumu, sahani ithibitishe. Lakini matibabu hayangoji chochote. Ukiona mtu anaharisha majimaji meupe mfululizo, mwanzishie ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, papo hapo na umwahishe kituo cha afya.