Harold Vanderbilt: Saa, Usukani na Kanuni

Harold Stirling Vanderbilt alizaliwa Oakdale, New York, mwaka 1884, kitukuu cha Cornelius Vanderbilt aliyetajirika kwa meli na reli. Alisoma Harvard, kisha akaingia katika reli ya familia, New York Central. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 aliitwa kazini akiwa luteni wa akiba wa jeshi la majini. Aliongoza doria pwani ya kwao, na mwaka 1918 akapelekwa Queenstown, Ireland, kwenye kikosi cha boti za kuwinda nyambizi. Vita vilipokwisha alirudi kwenye reli na kwenye mchezo wake wa mbio za matanga. Mwaka 1925, akiwa safarini melini, alitunga namna mpya ya kuhesabu alama za mchezo wa karata wa briji, ambayo ndiyo msingi wa briji ya leo.

Mwaka 1930 alilinda Kombe la America, la mbio za majahazi, kwa jahazi la Enterprise, akamshinda mfanyabiashara wa chai Thomas Lipton mbio 4 kwa 0. Hapo ndipo ilipong'ara mbinu yake ya kuanza mbio. Chombo cha matanga hakisimami kikangoja mzinga wa kuanza: kikiwahi kuvuka mstari hurudishwa, kikichelewa hubaki nyuma kikila upepo uliochafuliwa na wenzake. Vanderbilt aliacha kubahatisha, akashika saa. Aliuvuka mstari akiupa mgongo, akasoma muda uliobaki, akajumlisha muda wa kugeuza, akagawa kwa mbili. Zikiwa zimebaki sekunde 130, na kugeuza huchukua 10, jumla ni 140 na nusu yake 70. Basi huenda mbele mpaka zibaki sekunde 70, ndipo hugeuza: 60 za kwenda, 10 za kugeuza, 60 za kurudi, na omo hufika mstarini mzinga ukilia. Hesabu hii yataka upepo wa ubavuni usiobadilika, na nahodha anayejua chombo chake hugeuka kwa sekunde ngapi. Kijana anayekariri kanuni bila kupima muda huo atachelewa, kisha alaumu upepo. Muda wa kugeuza haumo kitabuni; hupimwa majini, tena na tena.

Mashindano ya 1934, mbele ya Newport, yanabishaniwa hadi leo. Endeavour, jahazi la Mwingereza Thomas Sopwith, lilikuwa na kasi kuliko Rainbow la Vanderbilt, likashinda mbio mbili za kwanza. Lakini kabla ya safari mabaharia wa Sopwith waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, naye akajaza nafasi zao kwa watu wa ridhaa. Katika mbio za tatu Rainbow lilikuwa nyuma sana. Vanderbilt alimwachia usukani Sherman Hoyt, akashuka chini. Hoyt alijua Sopwith hupenda kumkaba mpinzani, akaelekeza omo joshi kupita ilivyohitajika. Sopwith, aliyeweza kwenda moja kwa moja hadi mwisho, akabisha ili amzibe; chombo kikapoteza mwendo na Rainbow likapita. Kumwachia usukani anayekuzidi nako ni unahodha.

Mbio za nne zilileta ugomvi. Endeavour lilipanda joshi kumzuia mpinzani, Rainbow halikupisha, na Sopwith akakwepa ili wasigongane. Alipandisha bendera ya malalamiko karibu na mwisho wa mbio. Kamati ikakataa kumsikiliza, kwa kuwa bendera hupandishwa papo hapo. Rainbow likashinda mashindano 4 kwa 2. Uchungu wa Waingereza ulikuwa na haki yake, maana suala la nani alikosea halikuamuliwa kamwe. Hata hivyo kuchelewa kwa bendera kulikuwa kosa la Sopwith mwenyewe.

Mwaka 1937 Vanderbilt aligharimia peke yake Ranger, jahazi la chuma lililochorwa na Starling Burgess na Olin Stephens baada ya kupima mifano midogo kwenye tangi la maji. Lilishinda 4 kwa 0, na mwaka 1941 likavunjwa, likauzwa vyuma.

Kilichodumu ni kanuni. Kwa miaka mingi Vanderbilt aliandika upya sheria za nani ampishe nani majini, akizijenga juu ya mahali chombo kilipo kwa mwenzake: joshi au demani, mbele au nyuma. Marekani Kaskazini ilizipokea mwaka 1948, na mwaka 1960 zikawa msingi wa sheria za dunia. Reli ilimtoka mikononi mwaka 1954, wanahisa walipomchagua Robert Young. Alifariki Newport tarehe 4 Julai 1970.