Vaisi ya Mama: vifaa vya kufunga inzi vidole vikiwa na baridi yabisi

Leo tuziache seva na programu kidogo, ingawa mtaona hatujaenda mbali sana.

Mama yangu, huko Nyeri, hufunga inzi. Si wale wa jikoni! Ni chambo bandia: ndoana ndogo inavishwa uzi na manyoya mpaka samaki aina ya trauti adhani ni mdudu. Trauti waliletwa Kenya mwaka 1905, wakawekwa katika mto Gura, na siku hizi inzi wanaofungwa kwetu huuzwa hadi Ulaya na Marekani. Karo yangu ya chuo kikuu ilitoka humo, dazeni baada ya dazeni.

Sasa viungo vya vidole vyake vina baridi yabisi, hasa pale kidole gumba kinapoungana na kiganja. Daktari alimwambia apunguze kazi. Mama akamjibu kwamba kazi hiyo ndiyo inayonunua dawa. Basi mimi sikuingia katika ubishi huo. Niliingia katika vifaa.

Programu ikiwa nzito hatubahatishi, tunapima kwanza ni wapi inapokwama. Nikaketi karibu naye na daftari, akifunga Adams namba 14 (huyu alibuniwa Michigan, Marekani, mwaka 1922, na bado anaagizwa sana). Nikaandika kila anapobana kwa ncha za vidole, anaposokota na anapokamua kwa kiganja. Mchezo ukabadilika hapo, kwa sababu tangazo la vaisi husifu chuma chake na uzuri wake, lakini halikwambii itakudai mkono wako ufanye nini.

Vaisi yake ya zamani ni ya skrubu. Unasokota kukaza, unasokota kulegeza: inzi 12, misokoto 24, na kusokota ndiko kunakomuuma zaidi. Hiyo tukaiondoa.

Inayosifiwa sana ni ya springi, kama Regal ya Marekani. Unakamua mkono wake, meno yanafunguka. Unaachia, yanauma ndoana yenyewe, kubwa au ndogo, bila kurekebisha chochote. Mimi kama mtu wa kompyuta niliipenda mara moja. Mama akaijaribu kwa mwenzake, akairudisha: "Hii inataka mkono wa kijana." Springi ni ngumu, na kila ndoana inadai ukamue upya.

Ya tatu ina kamu: unasukuma mkono wake chini, meno yanakaza. Ubaya wake ni kwamba ukibadilisha unene wa ndoana lazima urekebishe skrubu. Kwa anayefunga kwa kujifurahisha, leo namba 10 kesho namba 18, ni usumbufu. Lakini Mama hupewa oda za dazeni nyingi za saizi moja, hivyo anarekebisha asubuhi mara moja tu, kisha siku nzima anasukuma kwa ukingo wa kiganja, kidole gumba kikipumzika. Tukachukua hiyo. Juu ya mkono wake nilichomeka kipande cha bomba. Ukiurefusha maradufu, nguvu inayohitajika inapungua karibu nusu. Angalizo: usiushindilie, meno ya vaisi ni chuma kigumu na yanaweza kumeguka.

Zile zinazozunguka zinakuonyesha upande wa pili wa inzi bila kukunja kifundo cha mkono. Ni nzuri, ila bei!

Bobini nayo ilikuwa inabana kibiringo cha uzi kupita kiasi. Nikaipanua miguu kidogo, uzi ukawa unatoka kwa wepesi lakini bobini ikining'inia haishuki. Halafu nikaizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli iwe nene. Ukibana kitu chembamba kwa ncha za vidole, mzigo unaofika kwenye kiungo cha chini cha kidole gumba ni zaidi ya mara kumi ya nguvu ya ncha, kwa hiyo unene si anasa. Kwa kusokota manyoya laini kwenye uzi, anapaka nta kidogo. Yanashika bila kubanwa sana.

Kilichobaki ni mkasi. Mafundi huuvaa kidoleni siku nzima, kwani kuuweka chini na kuuokota kunakula muda, nao wanalipwa kwa dazeni. Pete ya mkasi inakaa juu ya kiungo kilichovimba. Nilimnunulia wa springi unaojifungua wenyewe, lakini huo hauvaliki, na dazeni inachelewa. Asubuhi anavaa wa zamani. Jioni vidole vikikaza anachukua wangu, akinitazama kwa jicho la pembeni. Kama unamjua fundi anayeweza kupanua pete za mkasi bila kuharibu makali, niandikie.