Siku Saba za Maziwa (Simulizi za Nesi, Sehemu ya 14)

Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu maziwa ya ng'ombe kwa watoto. Wengi mliniuliza yachemshwe vipi. Nitafika huko. Leo kwanza naungama kosa, na kosa ni langu mwenyewe.

Mwaka juzi nilichukua likizo, nikapanda basi Iringa na mwanangu wa miaka miwili, tukaenda kwa mama Tukuyu. Mnaoijua Rungwe mnajua: mvua, migomba, baridi ya asubuhi, na nyumba nyingi zina ng'ombe wa maziwa bandani. Mama ana mmoja, chotara wa Friesian. Huyo ng'ombe ndiye ada, ndiye sabuni, ndiye nauli ya kwenda kliniki.

Siku ya pili kiwele kikavimba. Chuchu moja ilikuwa ya moto, ukikamua yanatoka maziwa yenye mabonge. Ugonjwa wa kiwele, wafugaji wanaujua. Afisa mifugo alikuwa kijiji kingine siku hiyo. Mdogo wangu wa kiume akakimbia duka la dawa za mifugo, akarudi na chupa ya oksitetrasaiklini, ile mnayoiita OTC. Mama akaniangalia. "Si wewe ni nesi? Mchome basi."

Nikachoma. Mimi, ambaye kila siku wodini namuuliza mgonjwa dawa gani, kipimo gani, siku ngapi, nilichoma sindano bila kusoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi.

Maziwa ya chuchu ile mbovu tukamwaga. Ya chuchu tatu nzima tukaendelea kuyatumia, maana yalikuwa meupe na masafi. Mwanangu alikunywa asubuhi na jioni. Mengine mama aliwauzia majirani kama kawaida.

Jambo lililotuumbua ni mtindi.

Mama hugandisha mtindi wake kwa kijiko cha mtindi wa jana. Hajawahi kukosea tangu nizaliwe. Siku ile ukakataa. Asubuhi tunafunua chungu, maziwa yako vilevile kama uji mwepesi. Mama akasema ni baridi. Siku iliyofuata akaweka chungu karibu na mafiga, na bado ukakataa. Mimi nikasimama pale jikoni, kitu kikanishtua moyoni. Maziwa hugandishwa na bakteria wazuri, na antibaotiki kazi yake ni kuua bakteria.

Nikaenda stoo, nikaokota boksi. Imeandikwa pale, maandishi madogo: maziwa yasitumiwe siku 7 baada ya sindano ya mwisho, nyama siku 28.

Sisi tulikuwa siku ya tatu.

Ngoja nieleze hapa, kwa sababu ndipo wengi tunapokosea. Dawa ya sindano haikai kwenye chuchu inayoumwa. Inaingia kwenye damu, inazunguka mwili mzima, na maziwa yanatengenezwa kutoka kwenye damu hiyohiyo. Kwa hiyo chuchu zote nne zinatoa dawa, hata kama maziwa ni meupe kama karatasi. Huioni, huinusi, na ulimi hauitambui.

Na kuchemsha je? Wapendwa, CHEMSHENI. Kuchemsha kunaua vimelea vya brusela, vya kifua kikuu na vingine vingi. Lakini moto wa jikoni hauondoi antibaotiki nyingi. Mabaki ya dawa yanaondoka kwa kitu kimoja: kusubiri, mpaka mwili wa ng'ombe uitoe.

Jioni ile tulikaa jikoni hatuongei. Mdogo wangu, ambaye ni mtu wa kubeti na anajua habari za mbio zote duniani, ndiye aliyevunja ukimya. "Dada, hata farasi wa mbio hafanyiwi hivi. Farasi akitibiwa, anasubirishwa mpaka dawa iishe, la sivyo ushindi unafutwa."

Nilidhani ni hadithi za vijiweni. Niliporudi Iringa nikafuatilia, kumbe ni kweli. Mei 2021 kule Marekani, farasi anaitwa Medina Spirit alimaliza wa kwanza kwenye Kentucky Derby, moja ya mbio kubwa kabisa duniani. Akapimwa damu. Wakakuta betamethasoni, pikogramu 21 kwenye mililita moja. Pikogramu ni gramu moja uigawe mara trilioni moja. Upande wake ulijitetea kwamba ni dawa ya kupaka ya upele. Haikusaidia. Februari 2022 alinyang'anywa ushindi, akapewa aliyemfuata, Mandaloun.

Nesi wenzangu mtashtuka: betamethasoni si sumu. Ni dawa ya kawaida, sisi tunaijua kwenye malhamu ya ngozi, na ndugu yake deksamethasoni tunampa mama anayetaka kujifungua kabla ya wakati ili mapafu ya mtoto yakomae. Hata kwa farasi inaruhusiwa kutibu. Kinachokatazwa ni kuingia nayo uwanjani siku ya mbio. Sheria haimnyimi mnyama mgonjwa dawa. Inasema: mtibu, halafu subiri.

Sheria ya maziwa ni hiyohiyo. Hakuna anayesema ng'ombe asitibiwe. Mashirika ya dunia ya chakula na ya afya, FAO na WHO, yana viwango vyao vya mwisho: oksitetrasaiklini isizidi mikrogramu 100 kwenye lita ya maziwa, penisilini isizidi mikrogramu 4 kwenye kilo. Hapa kwetu dawa za mifugo husajiliwa na TMDA, na zile siku za kusubiri zinaandikwa kwenye lebo. Sheria ipo, na dawa ina maelezo yake.

Tofauti ni moja. Farasi anayeshinda anasubiriwa na mtu mwenye bomba la sindano la kuchukua damu. Kikombe cha mwanangu pale Tukuyu hakikuwa na mtu wa kukipima. Kipimo cha kuelea ambacho wanunuzi wa maziwa wanatumbukiza kwenye ndoo kinaonyesha kama umeongeza maji. Hakionyeshi dawa. Mpimaji wa kikombe kile nilikuwa mimi, na sikusoma boksi.

Kesho yake asubuhi mama alisema, "Twende tukawaambie." Nilitamani ardhi inimeze. Nyumba tano. Katika nyumba ya tatu kulikuwa na mama mwenye mtoto mdogo, mnunuzi wa lita moja kila siku. Nikamweleza yote, kwamba sindano nilichoma mimi. Alinyamaza, kisha akasema, "Mdogo wangu, mimi nimemwaga mtindi mara mbili nikadhani mkono wangu umeharibika." Akacheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Msiogope kupita kiasi. Mtoto aliyekunywa kikombe cha maziwa yenye mabaki ya dawa hafi. Wa kwetu hawakuumwa. Tunachohofia ni haya. Kwanza, wapo watu wenye mzio wa penisilini, na kwao hata kiasi kidogo kinaweza kuleta vipele na kuwashwa. Pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi wodini, bakteria wakizoea dawa kidogokidogo, wanakuwa sugu. Siku mtoto anaugua kweli, unampa dawa, haisikii. Nimewahi kukaa usiku na mama wa mtoto wa namna hiyo. Sitaki kukaa tena.

Sasa kuna upande wa pili ambao watoa ushauri tunausahau. Ng'ombe wa mama alikuwa anatoa lita 8 kwa siku. Siku 7 za kumwaga ni lita 56. Kwa mama mjane hiyo ni hela ya mwezi. Mtu akimwaga maziwa yote hayo kwa uaminifu, kisha wewe mnunuzi ukahamia kwa jirani ambaye hamwagi, umemfundisha nini? Umemfundisha kunyamaza mwakani. Mimi na mdogo wangu tulichanga, tukamlipa mama zile siku. Na yule mama wa nyumba ya tatu alimwambia, "Siku ya nane niletee, sinunui kwingine." Hilo neno lilimsaidia mama kuliko hotuba yangu.

Kwa hiyo mama mwenzangu, uwe Uyole, Mafinga, Kihesa au Makambako, fanya haya:

1. Muulize anayekuuzia maziwa, kwa heshima: "Ng'ombe ametibiwa karibuni? Siku za kusubiri zimeisha?" Akikwambia bado, mshukuru na umwahidi utarudi. Na urudi kweli.

2. Kama unafuga, soma kikaratasi kabla ya sindano. Siku zinatofautiana dawa na dawa, na zipo dawa ambazo ng'ombe wa maziwa hatakiwi kupewa kabisa. Hesabu kuanzia sindano ya MWISHO.

3. Mwite afisa mifugo. Unesi wangu ulinipa mkono wa kuchoma, haukunipa ujuzi wa ng'ombe. Alipokuja alisema kipimo changu hakikuwa sawa, akaanza tiba upya. Siku 7 zikaanza kuhesabiwa upya pia.

4. Mfunge kitambaa chekundu shingoni ng'ombe aliye kwenye dawa, ili hata mtoto anayekamua ajue. Mama anaandika na tarehe kwa chaki mlangoni mwa banda.

5. Kuku nao wana siku zao. Ukiwawekea dawa kwenye maji, soma lebo inasema nini kuhusu mayai.

6. Mtindi ukikataa kuganda, usiishie kulaumu baridi. Si kipimo cha maabara, lakini uliza.

Na tafadhali, wewe unayenyonyesha, usichukue somo hili la ng'ombe ukalipeleka kwenye ziwa lako. Nimeshaona mama aliyeandikiwa amoksilini akaacha kunyonyesha wiki nzima. Dawa nyingi tunazowaandikia wanaonyonyesha zinafaa na mtoto anaendelea kunyonya. Mwambie daktari au nesi kwamba unanyonyesha, atakuchagulia dawa. Usijiamulie.

Nilipomuaga mama stendi ya Tukuyu alinipa chupa ya mtindi. Ulikuwa umeganda vizuri, mzito, unakatika kwa kijiko. Akaniambia, "Huu ni wa siku ya tisa, mwanangu. Nimehesabu." Ndaga, mama.

Sehemu ya 15 ndiyo ile mliyoiomba, ya kuchemsha na kuhifadhi maziwa kama huna friji. Mnaofuga, niambieni kwenye maoni: mnamwaga, au mnanyamaza? Sitamsema mtu. Mimi mwenyewe nimeanza.