Toleo jipya lisiache mtu njiani

Nchi ya Kenya ilichafuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Januari 2008, Ory Okolloh, Erik Hersman, David Kobia na wenzao wakatoa Ushahidi, programu ya kupokea habari za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Ilitengenezwa kwa siku chache tu, maana watu walikuwa wanakufa. Novemba mwaka uleule ikatumika hapa Kongo, wakati wa vita vya Kivu ya Kaskazini.

Baadaye matoleo yake yakapewa namba na majina ya miji: 1.0 likaitwa Mogadishu, 2.0 likaitwa Luanda. Namba hizo si pambo. Mtu akilalamika kwamba ramani haifunguki, fundi anauliza kwanza: unatumia toleo gani?

Kutoa toleo kuna utaratibu wake. Watengenezaji wanaacha kuongeza vitu vipya, wanajaribu vilivyopo, wanaandika kilichobadilika, wanahifadhi data, ndipo wanatoa. Toleo la zamani linabaki karibu, ili mambo yakiharibika warudi nyuma upesi. Na lazima awepo mmoja mwenye ruhusa ya kusema "bado", hata kama wageni wa sherehe wameshaalikwa.

Vijana wa Lubumbashi wanaojifunza kazi hii wakumbuke kwamba kompyuta ya ofisi si simu ya mama aliyekimbia vita akapanga chumba Ruashi au Kampemba. Simu yake ni ya zamani, imejaa, mega ananunua kidogo kidogo, na umeme unakatika. Toleo jipya likiikataa simu hiyo, mama anapoteza njia ya kuulizia mtoto aliyepotea. Basi siku ya kujaribu, simu ya namna hiyo iwe mezani, na mama mwenyewe aitwe aishike. Akishindwa, tarehe isogezwe.

Lakini kuchelewa nako kunaumiza. Dawa yake ni kutoa kitu kidogo kinachofanya kazi, halafu kuongeza polepole. Kule Haiti, baada ya tetemeko la Januari 2010, watu walituma SMS kwa namba 4636, na habari zao zikafika kwenye ramani ya Ushahidi. Simu ya vitufe ilitosha.