Neno Nililolificha

Nataka kuwasimulieni kosa langu mwenyewe, ili lisije likawa lenu.

Likizo moja ya Disemba nilirudi kwetu Ras Kamboni, nikamkuta bibi hajiwezi. Kila akiinuka huona kizunguzungu, na mara mbili alianguka mlangoni. Tukampakia mashuani, kaskazi ikatusukuma, tukapita Kiunga mpaka Lamu.

Daktari alikuwa mtu wa bara, na Kibajuni cha bibi hakukisikia sawasawa. Basi mimi nikawa mkalimani. Mapigo ya moyo wake yalikuwa 42 kwa dakika, na mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupata 60 hadi 100. Katika maneno yake, bibi alisema kwamba akila wali wa samli huumwa chini ya mbavu za kulia mpaka begani. Nikadhani hayo ni mambo ya tumbo tu, hayahusu moyo, sikuyatafsiri. Daktari akasema huenda moyo ukahitaji kutiwa mtambo wa kuusaidia kupiga.

Usiku ule bibi alikula, kisha akajikunja kwa uchungu. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, tabibu alisemaje juu ya ubavu wangu?" Sikuwa na jawabu. Alfajiri nikarudi kwa daktari nikakiri.

Alimpima kwa chombo cha mawimbi ya sauti, akaona vijiwe katika mfuko wa nyongo, nao umevimba. Akanieleza kwamba iko neva iitwayo vegasi, inayofika moyoni na tumboni pia. Nyongo ikiteseka, habari hupanda ubongoni, na amri hushuka kwa njia ile ile: moyo, piga polepole! Madaktari huiita dalili ya Cope, kwa jina la Zachary Cope, mpasuaji wa Uingereza. Hata hivyo hapana budi moyo wenyewe upimwe kwanza, kwani maradhi yake nayo huweza kujifanya maumivu ya tumbo.

Bibi alipasuliwa Mombasa, mfuko ukatolewa. Baada ya wiki mapigo yalikuwa 70, wala mtambo haukuhitajiwa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Lakini siku ile mgonjwa hakuficha kitu. Mfichaji nilikuwa mimi, msomi wa nyumba. Basi ndugu zangu, mkiwa wakalimani wa wazee wenu, semeni yote waliyoyasema.