Barua kutoka Leicester: Nani Atakuja Kuzika?

Ndugu zangu wa Mkunazini, Kikwajuni na Mbweni, kwetu Unguja,

Leo nawaandikia habari za maziko, maana siku hizi yananishughulisha kuliko mahubiri.

Hapa Uingereza mtu akifa kwa kawaida hazikwi leo wala kesho. Hupita wiki mbili, tatu, hata zaidi, maiti imo katika jokofu, ndugu wanangojea vyeti na zamu ya tanuri, kwani wengi huchomwa. Wapo wanaolipa kabisa kabla ya kufa ili wachomwe bila ibada na bila watu, kisha majivu yaletwe nyumbani. Gharama ni sababu mojawapo. Nyingine, wananiambia wenyewe, ni kutotaka kuwasumbua watu. Hapo mimi mtu wa Unguja huishiwa maneno. Kwani jirani ni wa nini, kama si wa kusumbuliwa?

Majuzi nilimzika bibi mmoja wa hapa aliyeishi mtaa uleule tangu ujana wake. Waliokuja wangeenea katika gari moja. Miongoni mwao alikuwamo mzee wa Kikhoja, mzaliwa wa Unguja, ambaye familia yake iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Yeye na marehemu walikuwa wakisalimiana uani tu. Akaniuliza, kwa Kiswahili cha Mji Mkongwe kabisa, kama anaweza kutia bega kwenye jeneza. Watu wa kampuni ya maziko wakatazamana: kazi hiyo ina wenyewe, tena wameshalipwa. Nikawaambia wampishe.

Kwetu asingehitaji kuuliza. Mkristo akifariki Kikwajuni, Waislamu wa mtaa ndio wanaopanga viti, wake zao wako jikoni, ubani unakusanywa, na jeneza likitoka kila mmoja anataka alibebe japo hatua chache. Ibada ikianza wengine hubaki nje kivulini mpaka tumalize, kisha tunakwenda sote makaburini. Nasi tukisikia msiba wa Mwislamu tunatoka mbio, maana ukizubaa utakuta ameshazikwa.

Wenyeji wa huku wakiniuliza dini nyingi zinakaaje pamoja, huwasimulia kanisa letu la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa 1873. Sehemu ya kiwanja ikatolewa na Jairam Senji, tajiri wa Kihindu. Jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Saa ya mnarani ni zawadi ya Sultani Barghash. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, amelala nyuma ya altare. Wasikilizaji hufurahi mno, nami hapo ndipo ninapoanza kuitilia shaka hadithi yangu. Senji alitajirika katika mji ulioneemeka kwa utumwa, na Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko baada ya Waingereza kumtishia kuzingira kisiwa kwa manowari. Zawadi za wakubwa zina hesabu zake. Anayekuja kukupangia viti vya msiba hana cha kuandikiwa ukutani.

Wala sijasahau miaka ile miwili ya mashambulizi dhidi ya viongozi wa dini kwetu. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga wa Ofisi ya Mufti alimwagiwa tindikali. Februari 17, 2013, Jumapili asubuhi, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi Beit el Raas akienda kusalisha misa. Baadhi yetu tulivua kola kabla ya kupanda daladala. Waliozoea kusema Zanzibar haina udini walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea. Mimi naona desturi ya kuzikana huwalinda wanaojuana. Mtu wa mbali aliyelishwa chuki hadaiwi chochote na msiba wako.

Leicester nayo ni hivyohivyo. Katika sensa ya 2021 hakuna dini iliyofika nusu: Wakristo asilimia 24.7, Waislamu 23.5, Wahindu 17.9. Waasia waliofukuzwa na Idi Amin 1972 walikuja kwa maelfu, ingawa halmashauri ya jiji ilitangaza katika gazeti la Uganda kwamba wasije. Wakaujenga mji huu. Hata hivyo Septemba 2022 vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walivaana mitaani, uongo wa mitandaoni ukichochea, na wazee waliopelekeana sahani miaka nenda rudi wakafunga milango.

Lakini kuna msiba ambao hata jirani mwema hauwezi, nao ni ule usio na maiti. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wa Tanzania, intaneti ilikatwa nchini, nasi huku tukabaki kupiga simu zisizopokelewa. Iliporudi zikaja habari za waliouawa, na za familia huko bara zilizozunguka hospitali zikitafuta miili bila kuipata. Tume ya uchunguzi iliundwa chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Dada mmoja wa Mwanza anayesali nasi alinifuata sakristia na jina la mpwa wake kwenye karatasi. Aliniuliza kama naweza kumsomea sala za wafu hali maiti haijaonekana. Nilimwambia naweza, na Jumapili ile nikamtaja. Kisha akauliza matanga yataanuliwa lini. Hilo, nikamwambia, aiulize serikali.

Wasalaam,
Padri wenu