Paa la Turubai

Nilipofika Tempe, Arizona, kusoma shahada ya uzamili, nilipanga chumba kwa mama mmoja mstaafu mwenye Mazda MX-5, gari la viti viwili ambalo paa lake la turubai hukunjwa kwa mkono. Ilikuwa Agosti. Nilingoja kwa hamu siku ya kupita mjini paa likiwa wazi. Picha za kumtumia kaka nilishazipanga kichwani. Wapi! Joto la huko hupita nyuzi 40, na mchana wa kiangazi wenye magari hayo hufunga paa, wakawasha kiyoyozi. Mimi mtu wa Tanga, niliyedhani nalijua jua, nilinyamaza.

Alilifungua Novemba, saa kumi na mbili jioni. Kwenye barabara kuu upepo ulitufanya tuongee kwa kupayuka. Simu ikatetemeka: dada. Nyumbani ilikuwa saa kumi alfajiri, saa ambayo mtu hapigi kutoa salamu. Nikasikia "baba", kisha upepo.

"Dada, sikusikii! Rudia!"

Mama mwenye nyumba hajui Kiswahili. Alichepuka, akasimamisha gari, akanyoosha mkono nyuma, akavuta turubai na kubana kishikizo. Kelele zikakatika. Dada akarudia, polepole.

Novemba kule ndiyo majira ya kupunga upepo. Mwezi ule wote alinipeleka chuoni paa likiwa limefungwa. Sikumwomba. Kwenye taa nyekundu magari mengine kama lake yalisimama kando yetu, wazi, naye akatazama mbele.